Jiko la Pili Ambalo Sikuliandika

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Kisha mmoja wenu akaniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi ya kununua nyumba na mashamba, ili wanaoingia sasa wasianze kwa kupapasa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo nilipata viwili tu katika miaka yangu yote, na kimoja kilikuwa kuhamishiwa meza iliyo karibu na dirisha.

Niliingia ofisi ya wakili Nzioka mjini Kitui mwishoni mwa miaka ya sitini. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wengi walifika kwetu wakiwa wamejigonga kwenye mabati au makarai. Nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko mzuri. Siku ya kwanza wakili alinituma ofisi ya ardhi kutazama rekodi ya ploti ambayo mteja alitaka kununua. Nilimkuta karani wa pale, tukasalimiana vizuri, akafungua kitabu, akaniambia ploti haina shida. Nikarudi mbio.

"Ploti ni safi," nikamwambia wakili.

"Safi ni shati," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nataka karatasi iko na muhuri."

Nilirudi. Kitabu kilipofunguliwa tena, tukakuta ukurasa wa pili ambao karani hakuufunua mara ya kwanza, na ploti ile ilikuwa imewekwa rehani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amenijibu nilichouliza, nami niliuliza kwa haraka.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Nilikuwa na kidau cha wino cha kutilia vidole, chupa ya mafuta ya taa na kitambaa cha kufutia vidole hivyo, karatasi za kaboni, na shajara kubwa. Msiidharau shajara. Ruhusa ya bodi ya ardhi ilitakiwa iombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano yaandikwe. Miezi hiyo ikipita, makubaliano yenu yanafaa kufungia sukari. Kuhusu vidole, mjue kwamba gumba la mkulima wa Kitui halina mistari mingi iliyobaki. Linaoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kisha linabonyezwa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukilibonyeza kwa nguvu unapata doa jeusi, na doa jeusi ni la kila mtu.

Sasa niseme jinsi watu walivyochagua wakili, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi yalipoharibikia. Wengi walifuata kanisa. Ukiketi naye benchi moja Jumapili, basi hawezi kukukosea. Wakili Nzioka mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaambia wateja kwamba yeye akiwa madhabahuni hasomi ramani. Wengine walipenda wakili mwenye meza kubwa. Wengine tena walimtafuta asiyewachosha kwa maswali, na hao ndio niliowahurumia zaidi. Wakili wa kununulia nyumba anapaswa kukuuliza mpaka ukasirike. Halafu nawe umuulize swali lako moja: ni nani hasa atakayelishika faili langu? Wateja wetu walidhani wamempata wakili, kumbe wamempata karani, yaani mimi.

Jambo lingine ni kwamba muuzaji na mnunuzi walikuwa wakiingia pamoja, wamekaa benchi moja, wanataka wakili mmoja. Kuleta wawili kulionekana kama kuanzisha ugomvi na jirani mtarajiwa. Nzioka aliwashauri kila mara mmoja wao aende kwa mwingine, hata kama ni Machakos, nao walikataa kwa heshima kila mara. Baada ya kukataa, aliwashughulikia wote wawili. Mji ulikuwa mdogo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Nzioka bali mpiga chapa wake, Syombua, mama wa makamo aliyeweza kupiga chapa hati nzima huku akimkaripia mteja. Syombua alinipa sheria moja. Kabla hajaweka karatasi kwenye mashine, karani aende shambani kwa miguu yake, ahesabu majiko, na aulize kila jiko anapika nani.

"Jiko moja, nyumba moja," alinieleza. "Ukiona moshi mahali mbili, uko na watu mbili wa kuuliza. Na usiulize mwenye shamba. Uliza yule ameshika mwiko."

Niliifuata sheria hiyo kwa miaka mingi, hata nikaanza kujiona fundi. Mpaka ikaja kesi ya Kabati.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Mashamba ya upande wetu yalikuwa yameshapimwa na watu wamepewa hati, mara nyingi kwa jina la mtoto mkubwa wa kiume kwa niaba ya ukoo, ingawa hati yenyewe haikusema kitu juu ya hiyo niaba. Mnunuzi alikuwa Sista Mwende, mkunga wa zahanati karibu na Kabati. Sista kwa kazi, si mtawa. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, hajaolewa, mwenyeji wa Kilungu. Shamba la baba yake kule lilikuwa limegawanywa kati ya ndugu zake wanaume.

Nilipomuuliza kwa nini anataka kununua, kwa maana hilo ni swali la kwenye fomu, alinijibu kirefu kuliko nilivyotarajia.

"Nimelala kwa nyumba za serikali miaka kumi na nne," alisema. "Kila mahali napanda mti, kisha nahamishwa, matunda anakula mwingine. Nikizeeka, ndugu zangu watanipa kitanda kwa jikoni. Nataka mlango wangu. Nataka mtu akibisha nisishtuke."

Niliandika, "Makazi."

Muuzaji alikuwa Kilonzo, mtu wa watu, mcheshi, aliyekuwa amepata shamba kubwa zaidi upande wa Kibwezi na anataka kuhama na mke na watoto. Shamba la Kabati lilikuwa kwa jina lake peke yake. Juu, karibu na barabara, palikuwa na nyumba ya matofali yenye tangi la maji ya mvua. Chini, kwenye mteremko, palikuwa na kisima na migomba michache. Hati ilikuwa safi, na safari hii nilikuwa na karatasi yenye muhuri.

Nilikwenda shambani. Nikahesabu majiko, nikapata mawili. La juu alikuwa akipika mke wa Kilonzo. La chini, kando ya nyumba ndogo ya udongo karibu na kisima, palikuwa na mwanamke kijana amembeba mtoto mgongoni, anakoroga kitu. Nikamuuliza Kilonzo yule ni nani.

"Ni wa nyumba ya Nduku," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa, tukaendelea kutafuta mawe ya mpaka.

Hapa lazima niwaeleze nyinyi msiotoka kwetu. Mkamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari, akaoa mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa nyumba yake. Mke huyo anaitwa iweto. Watoto anaozaa ni wa nyumba ile, na yule aliyetoa mahari ndiye mume wake kwa mambo yote ya ukoo. Nduku alikuwa mke wa pili wa baba yake Kilonzo, hakuzaa, akamwoa Katunge. Kisha Nduku akafa. Kilonzo aliponiambia yule ni wa nyumba ya Nduku, mimi nilielewa habari nzima papo hapo, kwani hata shangazi yangu alikuwa na iweto.

Nilielewa mno. Karani kutoka mahali pengine angeshangaa, angeuliza mwanamke anakuwaje wa nyumba ya mwanamke, na kwa kuuliza angejua shamba lote linakaliwa na nani. Mimi sikuona cha kuuliza. Fomu ilitaka jina la mke wa muuzaji, na Katunge hakuwa mke wa muuzaji. Ilitaka watoto wa muuzaji, na wake hawakuwa watoto wa muuzaji. Nikaandika mke mmoja, watoto wanne. Isitoshe, ni utovu wa adabu kumwendea mwanamke jikoni kwake na kumuuliza yeye ni wa nani wakati kila mtu anajua. Kwa hiyo sikuteremka mpaka kwenye kile kisima. Syombua aliniuliza kama nimehesabu majiko, nikamwambia nimehesabu, na huo ulikuwa ukweli.

Bodi ya ardhi ilikaa katika ofisi ya mkuu wa tarafa, yaani D.O. Aliuliza yale yaliyo kwenye fomu. Mke wa Kilonzo akasema amekubali. Wazee wa bodi wakanyamaza, mmoja akakohoa, ruhusa ikatolewa. Mimi nilidhani anakohoa kwa sababu ya vumbi.

Wiki mbili baadaye, kabla hati ya kuhamisha haijapelekwa kusajiliwa, Sista Mwende alikwenda Kabati kupima madirisha ili ashone mapazia. Kesho yake alikuwa ofisini kwetu mapema, bado na sare ya kazi. Hakuketi.

"Karani, kwa ile shamba uliona majiko ngapi?"

"Mawili, Sista."

"Ya pili ni ya nani?"

"Ya Katunge."

"Uliandika wapi?"

Nilifungua faili, nikamwonyesha mstari wa mke mmoja na watoto wanne. Mashine ya Syombua ilinyamaza.

Ndipo Mwende akatueleza. Katunge alikuwa amemwona akija, akafurahi, akaleta kigoda na uji. Mwende ndiye aliyemzalisha alipojifungua yule mtoto wa mgongoni, msichana aitwaye Mwikali, na Katunge alidhani mkunga amekuja kumtazama mtoto. Mwende akasema amekuja kupima madirisha. Katunge akauliza madirisha ya nani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Kilonzo alikuwa amepanga kumwambia siku ya kupakia vyombo kwamba watakwenda wote Kibwezi.

"Aliniuliza kama amenikosea," Mwende alisema. "Akiwa ameshika kikombe yangu. Mimi nimeandika jina ya Nduku kwa kitabu ya zahanati, mahali pa mume, kwa mkono yangu. Zahanati inajua. Wakili hajui."

Nzioka alimkaribisha ndani, akaacha mlango wazi, nadhani ili nisikie. Alimweleza bila kuzunguka. Angeweza kupeleka hati kesho na shamba lingesajiliwa kwa jina lake. Lakini sheria inamlinda mtu anayeishi juu ya ardhi hata kama hayumo kwenye hati, isipokuwa kama aliulizwa mwenyewe akaficha haki yake. Katunge hakuulizwa. Mwende angepata hati na kesi pamoja.

"Na siwezi kukutetea," Nzioka akamaliza, "kwa sababu nimemwandikia Kilonzo pia. Nenda Machakos utafute wakili wako peke yako. Ningekukazania siku ya kwanza."

"Ulinikazania. Nilikataa," Mwende akasema. "Nilifikiri ni kupoteza wakati."

Alipopita kwenye meza yangu alisimama. "Mimi sikununua kufukuza mtu," aliniambia. "Nilinunua mlango."

Mimi si mtu wa kulia kazini. Lakini niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla ya hapo wala baadaye, na ninaandika neno hilo kwa makusudi. Mwanamke yule alikuwa ametafuta nyumba moja katika maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimemtafutia ya mtu mwingine kwa kuwa sikutaka kuteremka hatua hamsini.

Wakili wake wa Machakos alikuwa kijana mkali asiyejua Kikamba kizuri. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Ulimuuliza nani?" Baada ya hapo alileta pendekezo ambalo lilikuwa la Mwende mwenyewe. Shamba likatwe vipande viwili. Cha chini kiandikwe kwa jina la Katunge, cha juu kiwe cha Mwende. Kilonzo alinuna siku kadhaa, akisema ni mambo ya nyumbani, kisha akakubali. Hakuwa mwovu. Alikuwa amezoea kufikiri kwa niaba ya watu.

Lakini kukata shamba kulihitaji bodi tena, na Mwende aliweka sharti. Karani aseme mbele ya bodi alichoona na hakukiandika.

Nilisema. Sentensi zangu zilikuwa tatu. Kisha D.O., ambaye alitoka mbali na Ukambani, akamwita Katunge.

"Mama, mume wako yuko wapi?"

"Amezikwa kwa hiyo shamba, chini, karibu na kisima."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nduku."

D.O. akaangalia faili, kisha akanitazama mimi kana kwamba safari hii nimekosea jina. "Nduku si jina ya mwanamke?"

"Ni ya mwanamke," Katunge akajibu.

D.O. aliwageukia wazee wa bodi. Wazee walikuwa wakiitazama meza. Mwishowe yule aliyekohoa mara ya kwanza ndiye aliyeeleza, na maelezo yake yalichukua muda mrefu, kwa kuwa D.O. aliuliza kila swali ambalo mimi sikuuliza. Alipomaliza kusikiliza, alisema jambo moja tu.

"Kwa hivyo wote mlijua."

Kisha akachukua kalamu. Ruhusa ya kukata ikatolewa.

Mpimaji alipitisha mstari juu kidogo ya kaburi la Nduku. Kisima kikaangukia upande wa Katunge. Mwende alibaki na nyumba, tangi, na sehemu isiyotosha mifugo wala kilimo cha maana, pungufu sana ya alichotaka. Siku ya kuonyeshwa mpaka alisimama pale akitazama kisima, na tangi la mvua katika Kabati mnajua lina maji miezi mingapi.

"Utachota," Katunge akamwambia.

Mwende akainama juu ya hati. Alitia gumba kwenye wino ingawa anajua kuandika. Alisema anataka lake lifanane na la Katunge.

Baada ya hapo Syombua alipiga chapa swali jipya, likawekwa mbele ya kila faili la ofisi yetu: *Nani anapika hapa, na umemuuliza yeye mwenyewe?* Swali hilo mnaliona mpaka leo, na najua baadhi yenu hulijaza mkiwa mezani. Msijaze mkiwa mezani.

Makueni ilipofanywa wilaya nilipelekwa Wote kufungua ofisi. Huko nilikutana na wanunuzi wa barabara ya Mombasa, watu waliochagua shamba kwa kuonyeshwa kilima kupitia dirisha la gari. Mmoja, mfanyabiashara wa Kasikeu, alikasirika nilipomwambia lazima niende kwanza nione majiko. Akasema wakili mwingine amemwahidi kumaliza kwa siku tatu. Nikamwelekeza njia ya kwenda kwa huyo wakili. Alirudi baada ya mwaka, na faili lake lilikuwa nene kama mkate. Wake wa muuzaji walikuwa watatu, na yeye alikuwa ameonyeshwa mmoja.

Mwaka wangu wa mwisho nilirudi Kitui. Syombua alikuwa ameshafariki, na Nzioka alikuwa akija ofisini kusoma gazeti tu. Faili la mwisho nililolishika liliniletea jina nililolijua. Sista Mwende, sasa amestaafu, alitaka kuliandikisha shamba lake la Kabati kwa Mwikali, mtoto wa mwisho wa Katunge, kwa masharti kwamba yeye Mwende ataishi pale mpaka kufa.

Kijana mmoja wa ofisi alisema hakuna haja ya kwenda, kwa kuwa mtoaji ni mmoja, hana mume, hana watoto. Nilivaa viatu vyangu vya kutembelea.

Miti aliyopanda Mwende ilikuwa imekuwa mikubwa, michungwa hasa, na ilikuwa na matunda. Nyumba ya udongo ya chini ilikuwa imebaki ghala la mahindi. Nilizunguka shamba zima, vipande vyote viwili, nikahesabu majiko. Nikazunguka tena kwa sababu sikuamini hesabu yangu. Lilikuwa moja, nyuma ya nyumba ya matofali, chini ya mabati.

Wote wawili walikuwa wameketi pale, Mwende akichambua kunde, Katunge akikoroga sufuria. Walinitambua.

"Bado wanakutuma wewe?" Mwende akauliza.

"Bado."

Nikafungua faili. Nikamsalimu Katunge kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshika mwiko, nikamwita mama kwa Kikamba, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa.

"Mwaitu, nani anapika hapa?"

Aliutua mwiko, akanitazama. Nadhani alikuwa akikumbuka bodi ile, na sentensi zangu tatu.

"Leo ni mimi," akasema. "Kesho ni yeye. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo hivyo, nikawasomea wote wawili, kisha nikatoa kidau cha wino.